Taka za Kielektroniki Darasani: Mwongozo kwa Walimu na Wazazi wa Nairobi

Walimu wengi wanaotaka kuwafundisha watoto kuhusu taka za kielektroniki huanza kwa kuweka sanduku mlangoni mwa darasa na kuwaambia wanafunzi walete simu mbovu, chaja zilizokatika nyaya na betri zilizokwisha nguvu. Ninaelewa kwa nini hufanya hivyo, kwa kuwa sanduku huonekana na hujaa upesi. Hata hivyo, sanduku lisilo na pa kwenda huishia stoo, na stoo inaposafishwa mwishoni mwa mwaka vitu vile hupakiwa kwenye lori lile lile la taka linaloelekea jaa la Dandora, na wanafunzi wanaoshuhudia hayo hujifunza kinyume cha kile tulichokusudia. Kwa sababu hiyo nimeupanga mwongozo huu kuanzia mwisho: mwalimu ajue kwanza vifaa vitapelekwa wapi, kisha wanafunzi wahesabu na kuelewa walivyo navyo nyumbani, wajifunze kuvitunza na kuvipeleka kwa fundi, na ukusanyaji uje baada ya hayo yote.

Nimewafikiria zaidi walimu wa shule za msingi na sekondari msingi wanaosimamia klabu za mazingira, lakini mzazi mwenye watoto wawili mezani anaweza kufuata sehemu kubwa ya mafunzo haya bila shule kuhusika.

Tafuta kwanza mahali pa kupeleka

Hapa Nairobi zipo kampuni na vituo vilivyopewa leseni na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, kupokea na kuchakata vifaa vya umeme na elektroniki vilivyokwisha kazi. Kinachojulikana zaidi ni WEEE Centre, kituo kilichochipuka kutoka shirika la Computers for Schools Kenya, ambalo lilikuwa likisambazia shule kompyuta zilizotumika. Mwalimu apige simu au atembelee kituo kabla ya kumwambia mwanafunzi hata mmoja lolote kuhusu kukusanya, na aulize maswali yanayohitaji majibu kamili: leseni yao ni ya mwaka huu, wanapokea vitu gani na kukataa vipi, wanakuja kuchukua shuleni au shule itapeleka, ni uzito gani wa chini unaowafanya waje, kumbukumbu zilizomo ndani ya simu na kompyuta huharibiwa vipi, na je, watatoa hati ya kuthibitisha kwamba mzigo umewafikia. Swali la hati ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa maana hati hiyo ndiyo itakayosomwa mbele ya wanafunzi siku ya mwisho.

Mwanafunzi wa sekondari msingi anaweza kuelezwa pia kwamba kazi hii ina msingi wa kisheria. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Na kanuni zilizotangazwa mwaka 2024 chini ya sheria hiyo zinamtwika anayetengeneza au kuingiza bidhaa sokoni wajibu wa kugharimia mwisho wa bidhaa hiyo. Ni vyema watoto wajue kwamba mzigo haupaswi kuwa mabegani mwao peke yao, wala mabegani mwa wazazi wao, kwa sababu mafunzo mengi ya mazingira humwacha mtoto akidhani kwamba asipookota yeye chupa dunia itaangamia.

Mahali pa kuhifadhi pawe pakavu, penye kufuli, mbali na jiko na maktaba, na pawe na ndoo ya mchanga karibu. Mwalimu mkuu na Bodi ya Usimamizi waarifiwe kwa maandishi, na barua iende kwa wazazi kwa Kiswahili kilicho wazi, ikieleza kwamba hakuna mtoto atakayebebeshwa televisheni au betri ya gari, na kwamba hakuna kitu kitakacholetwa kabla ya siku iliyotajwa.

Somo la kwanza: kuhesabu bila kuleta

Kazi ya kwanza ya wanafunzi ni kuhesabu. Kila mmoja aende nyumbani na karatasi yenye safu nne: jina la kifaa, kama kinafanya kazi, kama hakifanyi kimekaa kwa muda gani, na sababu ya kukihifadhi. Safu ya nne ndiyo yenye utajiri. Watoto hurudi na majibu ambayo hakuna kitabu kinachoyataja: simu ya marehemu babu ambayo hakuna anayethubutu kuitupa, redio ambayo baba amesema ataitengeneza tangu kabla ya korona, kishikwambi ambacho mama anaogopa kukitoa kwa kuwa kina picha za harusi, chaja zisizojulikana ni za nini. Majibu hayo yanaonyesha kwamba taka za kielektroniki za mijini hazikai jaani tu. Sehemu yake kubwa imelala kwenye droo, juu ya kabati na chini ya vitanda, na haitoki huko mpaka mtu apewe sababu na njia ya kuaminika.

Hapa pana jambo linalohitaji busara. Katika darasa moja la Nairobi anaweza kukaa mtoto ambaye nyumbani kwao kuna simu moja inayotumiwa na watu watano, na mwenzake mwenye kishikwambi chake, kipakatalishi chake na televisheni chumbani. Hesabu hii isigeuke kuwa mashindano ya mali. Karatasi zikusanywe bila majina, hesabu zijumlishwe kwa darasa zima, na mwalimu aanze kwa kusema wazi kwamba tochi, rimoti, kikokotoo, taa ya sola na redio ya betri ni vifaa kamili kama vingine. Nyumba yenye vifaa vichache isionekane imepungukiwa. Kwa hakika nyumba iliyotumia redio moja kwa miaka kumi na mitano ina la kulifundisha darasa.

Wanafunzi wa Gredi ya 4 hadi ya 6 wanaweza kuchora jedwali la matokeo, na wale wa sekondari msingi wakokotoe asilimia ya vifaa visivyofanya kazi na kulinganisha sababu za kuvihifadhi. Karatasi hizo zitunzwe, kwa sababu zitahitajika tena.

Somo la pili: kilichomo ndani

Watoto hupenda kuona ndani ya vitu, na hamu hiyo ni msingi mzuri wa kufundishia, lakini ni hapa pia ambapo mwalimu anaweza kuwaumiza bila kukusudia. Kanuni iwe moja na isiwe na msamaha: mwanafunzi hafungui kifaa chochote, shuleni wala nyumbani. Anayefungua ni mwalimu anayejua anachofanya au, vizuri zaidi, fundi aliyealikwa, na vinavyofunguliwa ni vile visivyo na hatari, kama vile kibodi, kipanya, au rimoti iliyotolewa betri. Televisheni za zamani zenye mgongo mnene zisiguswe, kwa kuwa zinaweza kuhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa, na kioo chake kikivunjika hulipuka kwa ndani. Tanuri ya maikrowevu nayo ni hivyo hivyo. Betri za simu na vipakatalishi zisitobolewe wala kubanduliwa, kwa maana betri za lithiamu zikijeruhiwa huwaka ghafla kwa moto usiozimika kirahisi.

Kibodi ikishafunguliwa mezani, maelezo yafuate kile watoto wanachokiona. Ubao wa kijani una njia nyembamba za shaba. Katika simu na kompyuta, ubao wa namna hiyo hubeba pia dhahabu na fedha kwa kiasi kidogo sana, ambacho hata hivyo kikijumlishwa kina maana, kwa sababu tani moja ya simu ina dhahabu nyingi mara kadha wa kadha kuliko tani moja ya mawe yanayotolewa mgodini. Betri ya simu ina lithiamu na mara nyingi kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa kwa jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtoto akielewa kwamba ndani ya simu aliyoishika kuna jiwe lililotoka upande wa pili wa maziwa makuu, lililochimbwa kwa jasho la mtu, ataitazama kwa heshima zaidi kuliko akihubiriwa.

Baada ya thamani, sumu. Kioo cha televisheni ya zamani huweza kuwa na zaidi ya kilo moja ya madini ya risasi. Taa za mrija na zile balbu za kujipinda zinazookoa umeme zina zebaki kidogo, na baadhi ya betri za zamani za kuchajiwa zina kadimiamu. Plastiki nyingi za vifaa hivi zimechanganywa na kemikali za kuzuia moto, ambazo zikichomwa hutoa moshi wenye sumu. Kifaa kikiwa kizima na kinafanya kazi mezani, sumu hizi zimefungwa ndani na hazimdhuru mtumiaji. Hatari huanza kinapovunjwa, kinapochomwa au kinapolowa mvua jaani. Jambo hili lielezwe kwa utulivu, vinginevyo watoto wadogo wataogopa kushika simu ya mama.

Wadogo wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wanahitaji somo fupi tu, na lenye uzito. Betri ndogo za mviringo, zile za saa, za rimoti nyembamba na za wanasesere wanaoimba, zikimezwa huweza kuchoma umio la mtoto kwa muda wa saa mbili. Wafundishwe kwamba betri haiingii mdomoni, kwamba aliyemwona mdogo wake akiimeza amwambie mtu mzima papo hapo, na wazazi waambiwe katika barua kwamba mtoto huyo apelekwe hospitali bila kusubiri dalili. Kama mwongozo huu wote ungepunguzwa ubaki na somo moja kwa madarasa ya chini, ningelichagua hilo.

Vinakoishia, na watu wanaovishika

Somo la tatu linafuata safari ya kifaa baada ya kutoka nyumbani. Katika mitaa mingi ya Nairobi safari hiyo huanza kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu anayepita na mkokoteni na mizani, huendelea hadi kwa mwenye yadi anayenunua kwa kilo, na kile kisichonunuliwa huenda jaani. Nyaya mara nyingi huchomwa ili plastiki iungue na shaba ibaki, na moshi wa plastiki ile hubeba dioksini, kemikali zinazokaa mwilini kwa miaka. Waulize wanafunzi wako kama wamewahi kunusa moshi huo mtaani. Wengi watainua mikono.

Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975, na mapema miaka ya 2000 lilikwisha tangazwa kwamba limejaa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, lilichapisha utafiti uliowapima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo, na nusu yao walikutwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Risasi hiyo haikutoka kwenye vifaa vya elektroniki peke yake, kwa kuwa jaa hupokea taka za kila aina, na ni uaminifu kuwaambia wanafunzi hivyo. Waambiwe pia sababu ya watoto kudhurika zaidi: mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, ubongo wake bado unakua, na mikono yake iko mdomoni muda wote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Kwa wanafunzi wakubwa, kisa cha Owino Uhuru mjini Mombasa kinafaa kupewa kipindi kizima. Kiwanda cha kuyeyusha betri za gari kilijengwa kando ya makazi, watu wakaugua kwa sumu ya risasi, na Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, akaongoza mapambano ya kukifunga. Alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ambayo baadaye iliendelea hadi Mahakama ya Juu. Kisa hiki kinawafundisha wanafunzi kwamba hata kuchakata upya, tunakokusifu sana, huua kukifanywa ovyo, na ndiyo maana tuliuliza kuhusu leseni tangu mwanzo.

Naomba mwalimu azingatie jambo moja zaidi katika somo hili. Katika darasa lililoko Korogocho, Kariobangi, Dandora au Mukuru kuna mtoto anayelipiwa chakula cha mchana na fedha za vyuma kuukuu. Akisikia mwalimu akiwaita waokota taka wachafu au waharibifu wa mazingira, somo limekwisha kwake, na pengine hata uhusiano wake na shule. Ukweli ni kwamba watu hawa huondoa jijini maelfu ya vitu ambavyo sisi wengine tumevitupa, na huvirudisha viwandani kwa malipo madogo na kwa gharama ya mapafu yao. Lugha ya mwalimu iwatambue kama wafanyakazi wanaostahili glavu, viatu, barakoa na bei ya haki. Mzazi anayefanya kazi hiyo akikubali kuja kuzungumza, mpokee kama unavyompokea daktari anayekuja kuzungumzia meno.

Hesabu za dunia na za kwetu

Takwimu zinafaa kufundishwa kama hesabu za kukokotoa, kwa sababu tarakimu kubwa zikisomwa tu hupita masikioni. Kulingana na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Wanafunzi wakokotoe ni tani ngapi zilizobaki. Wakokotoe ni malori mangapi ya tani 40 yangehitajika kuzibeba tani zote milioni 62, na watapata 1,550,000. Kisha waje nyumbani: UNEP imekadiria kwamba Kenya huzalisha takriban tani 51,300 kwa mwaka, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Kila Mkenya anaangukiwa na kilo moja na kidogo, ilhali wastani wa dunia kwa 2022 ni kilo 7.8.

Tofauti hiyo huzua mjadala mzuri. Mbona tunaozalisha kidogo tuna milima ya taka, na wanaozalisha nyingi wana mitaa safi? Jibu moja liko katika uchakataji, kwa kuwa barani Afrika taka zilizothibitishwa kuchakatwa ni chini ya asilimia 1. Jibu la pili liko bandarini, ambako vifaa vilivyotumika huingia vikiwa vimebakiza maisha mafupi au vikiwa vimekufa kabisa. Mkataba wa Basel wa 1989 unasimamia usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, haziwezi kuvushwa mpaka chini ya mkataba huo bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali kwanza.

Kuishi na kifaa kwa muda mrefu

Sehemu kubwa ya mafunzo ya uendelevu mashuleni huhusu kuzima taa na kuchomoa chaja. Ni mazoea mazuri na yanapunguza bili, lakini kwa Kenya si hapo penye uzito. Sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua, kwa hiyo kuchaji simu Nairobi hakuchafui hewa sana. Madhara makubwa ya simu yalikwisha kutokea kabla haijafika dukani, katika kuchimba madini yake na kuitengeneza. Hitimisho la hesabu hiyo ni kwamba tendo kubwa zaidi ambalo familia ya Nairobi inaweza kulifanya ni kuitumia simu waliyo nayo kwa miaka miwili au mitatu zaidi kabla ya kununua nyingine. Hilo ndilo ningependa mwanafunzi aondoke nalo, hata akisahau majina ya kemikali zote.

Basi afundishwe jinsi ya kuitunza. Simu isiachwe juani kwenye dashibodi ya matatu wala kuwekwa chini ya mto ikichajiwa, kwa maana joto ndilo adui mkuu wa betri ya lithiamu. Betri hudumu zaidi ikichajiwa kabla haijaisha kabisa na ikichomolewa kabla ya kukaa usiku kucha kwenye umeme. Kebo ishikwe kichwani ikichomolewa, isivutwe kwa waya. Kifuniko cha shilingi mia mbili huokoa kioo cha maelfu. Betri ikivimba kama andazi, simu izimwe, isichajiwe tena, na ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo fundi anapopaswa kuingia darasani. Nairobi ina bahati ya kuwa jiji la mafundi, kuanzia vibanda vya Luthuli Avenue hadi meza ndogo zilizo mlangoni mwa kila plaza ya mtaani, na ujuzi huo wa kubadilisha kioo, kuunga kwa lehemu mdomo wa chaja au kufufua redio iliyonyamaza ni hazina ambayo miji mingi tajiri imeipoteza. Alika fundi wa jirani, si wa mbali, ili watoto wamjue kwa jina na wajue kibanda chake. Wamuulize ni sehemu gani huharibika zaidi, ni simu za namna gani rahisi kutengenezwa na zipi zimegundishwa kwa gundi hata betri haitoki, na yeye hufanya nini na vipuri vilivyokufa. Swali la mwisho huenda likamgusa fundi mwenyewe, na nimeona mazungumzo ya namna hiyo yakizaa makubaliano ya fundi kuleta mabaki yake shuleni siku ya makabidhiano. Wanafunzi wa masomo ya Kiufundi Tangulizi (Pre-Technical Studies) wanaweza kumtazama akifanya kazi na kuandika hatua zake kwa mfuatano.

Marehemu Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alisafiri Japani mwaka uliofuata na kurudi akieneza wazo la Kijapani la mottainai, yaani kusikitikia kitu kinachopotezwa bure. Watoto wa Nairobi wanamfahamu kwa kuutetea Msitu wa Karura na Uhuru Park. Waambiwe kwamba alijali pia vitu vilivyotengenezwa na binadamu.

Siku ya kukusanya

Baada ya masomo hayo, sanduku sasa lina maana. Oktoba ni mwezi unaofaa, kwa kuwa Siku ya Mazingira nchini Kenya huadhimishwa tarehe 10 na Siku ya Kimataifa ya Taka za Kielektroniki tarehe 14, ila mwalimu ahakikishe kwamba tarehe zake haziingiliani na mitihani. Ukusanyaji ufanyike siku moja, asubuhi, na kituo kichukue mzigo siku hiyo hiyo au kesho yake.

Wazazi wakumbushwe wiki moja kabla kutoa laini na kadi ya kumbukumbu, kuhamisha picha, kuondoa akaunti na kufuta kila kitu kilichomo kwenye simu. Kwa familia nyingi hofu ya picha na ya M-Pesa ndiyo iliyoifanya simu ikae droo miaka yote, na mwanafunzi wa Gredi ya 8 anayejua kumsaidia nyanya yake kufanya hivyo amefanya kazi kubwa. Vifaa vikubwa viletwe na wazazi wenyewe. Betri zilizovimba, taa za mrija zilizovunjika na televisheni zenye kioo kilichopasuka zisipokelewe shuleni. Mzazi aelekezwe kituoni moja kwa moja. Betri nyingine zifunikwe ncha zake kwa utepe wa gundi na ziwekwe kwenye chombo cha plastiki, si cha chuma, ili zisigusane na kuwaka.

Mlangoni akae mtu mzima mwenye glavu anayepokea. Wanafunzi wapime, waandike na wapange kwa makundi yaliyokubaliwa na kituo. Kile ambacho fundi atasema kinatengenezeka kiwekwe kando na mwenyewe aulizwe kwanza kama angependa kukirudisha nyumbani. Kila kinachorudi kazini kihesabiwe katika orodha yake na kisomwe kwanza, kabla ya uzito wa vilivyokwenda kuchakatwa, kwa sababu watoto huthamini kile tunachokitangulia kukitaja. Hati ya kituo ikifika, isomwe gwarideni na ibandikwe ubaoni.

Mwanzoni mwa muhula unaofuata, zile karatasi za safu nne zitolewe tena na wanafunzi wahesabu upya. Uzito uliokusanywa huwasisimua watoto, lakini kipimo ninachokiamini ni kingine: ni vifaa vingapi vilivyokuwa vimekufa sasa vinafanya kazi, na ni nyumba ngapi zilizoahirisha kununua kipya.

Kuhusu vishikwambi vya shule

Shule nyingi za umma bado zina vishikwambi vilivyogawiwa kuanzia mwaka 2016 chini ya mpango wa serikali wa mafunzo ya kidijitali, na vingi vimelala kabatini vikiwa na betri zilizochoka. Mwalimu asivijumlishe katika mzigo wa siku ya kukusanya, hata kama vinaonekana havifai kitu. Hiyo ni mali ya umma, na uondoaji wake unafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015. Avichunguze kimoja kimoja na fundi, aandike vipi vinahitaji betri tu, vipi havifufuki na vipi vimevimba, avitenge vilivyovimba mahali pasipo na vitu vya kuungua, na orodha hiyo aikabidhi kwa mwalimu mkuu ili Bodi ya Usimamizi iandike kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuomba maelekezo na idhini. Nakala ya barua hiyo iwekwe kwenye faili ya klabu ya mazingira, ili wanafunzi wafuatilie jibu.